Nimekatazwa Kumbeba Mtoto Anayenililia

Admin, naomba unifichie jina, maana mji wetu ni mdogo na wanaonijua humu wapo wengi.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na moja, kwetu ni Mollo, hapa Sumbawanga. Najifunza kazi ya ulezi kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo, hivi vya mchana, mzazi anamwacha mtoto asubuhi anamfuata jioni. Mwenye kituo tunamwita Madam. Yeye ndiye anayenifundisha na ndiye atakayesema kama nafaa au sifai. Nyumbani mimi ni wa kwanza, wadogo zangu wote wamepita mgongoni kwangu, kwa hiyo niliingia pale najiona najua kila kitu. Loo, kumbe!

Kuna mtoto wa kiume hajafikisha miaka miwili, nimwite Baraka, siyo jina lake. Mama yake anamlea peke yake na anafanya biashara ya mchele. Anashuka bondeni huko Mtowisa kufuata mzigo, na njia ile mnaijua, mvua ikinyesha gari linakwama, anaweza kukaa huko hata wiki. Akiwa hayupo, mtoto analetwa na dada wa kazi. Simlaumu, anahangaika kweli.

Baraka alipoanza alikuwa analia mpaka sauti inakauka. Halafu ulikuwa msimu wa baridi, na baridi ya huku kwetu juu haina utani. Kanuni ya kituo ni kwamba mtoto analazwa kwenye godoro lake, habebwi mgongoni, eti hayo ni mambo ya nyumbani. Mimi nilishindwa. Nikachukua kitenge changu, nikamfunga mgongoni, nikawa nazunguka naye namwimbia Kifipa. Wimbo haujaisha, huyoo, kalala. Madam aliniona. Hakusema kitu kwa sababu chumba kizima kilitulia, na wazazi wakawa wanasifia kituo. Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Akila, anakula kwangu. Akianguka, anakimbilia kwangu. Siku moja akaniita mama. Nikamwambia, "Mimi dada, sema dada." Akacheka, akasema mama tena. Jamani, niseme ukweli, nilifurahi.

Sasa jioni moja mama yake akarudi kutoka bondeni, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, akaja kituoni moja kwa moja kabla hata ya kufika kwake. Wazazi wengine wamejaa getini. Akachuchumaa akafungua mikono, "Njoo baba, mama amekuja." Baraka akamwangalia, akageuka, akaishika sketi yangu na kuanza kulia "mama, mama," ananivuta mimi! Watu wote wakageuka kutuangalia. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nikamsogeza kwa mama yake, ndiyo kwanza akaning'ang'ania.

Mama Baraka hakupiga kelele, bora angepiga. Aliniuliza taratibu, "Umempa nini mwanangu?" Nikasema, "Sijampa kitu dada, huwa nambeba tu alale." Akasema, "Mimi naungua jua kwa ajili yake, wewe umekaa hapa unajifanya mama yake?" Akaondoka naye, mtoto anarusha miguu. Na nyie wa mikoa mingine msianze utani wenu wa Sumbawanga na uchawi kwenye komenti, nawajua. Mwenzenu naumia.

Kesho yake Madam akaniita. Mama Baraka anataka niondolewe, la sivyo anamhamisha mtoto na wazazi wenzake watamfuata. Nikalia, nikamwambia, "Madam, nisamehe, lakini wewe mwenyewe ulikuwa unaniona." Akasema, "Nilikuona, na nilikosea kukuacha. Nimemwomba mama yake akupe muda, sasa utamwachisha mtoto mwenyewe. Akikujia usimbebe, usimwimbie, usimwangalie. Atazoea. Ukishindwa, rudi kwenu, sitakupitisha." Kituo chenyewe kina chumba kimoja, nitamkwepea wapi?

Basi nimefanya. Anakuja ananyoosha mikono, mimi najifanya naosha vikombe. Anakaa miguuni kwangu analia mpaka anatapika, mlezi mwingine anamchukua, mimi machozi yananidondokea kwenye beseni. Nilijaribu kumsimamisha mama yake nimweleze, akanipita kama hanioni. Mama yangu mzazi anasema, "Vumilia mwanangu, maliza mafunzo, yule si mtoto wako." Ni kweli si wangu. Ndiyo maana sina pa kusemea.

Juzi Baraka alijikwaa mlangoni akapasuka mdomo. Nikainuka. Madam akanikazia macho, nikakaa. Mtoto akanyanyuka mwenyewe, hakulia. Hakuja kwangu, hakwenda kwa mlezi mwingine, akaenda kukaa pembeni akaangalia ukuta na damu inamtoka. Nilitaka kufa.

Jioni mama yake akaja, akafungua mikono. Baraka akaenda. Hakucheka, hakumkumbatia, akabebwa tu kama anavyobebwa na mtu yeyote. Mama yake akafurahi jamani, mpaka akanisalimia, akasema, "Asante mdogo wangu, naona sasa ananitambua." Walipoondoka Madam akanipigapiga begani, "Umeona? Sasa umeiva, wewe ni mlezi."

Ndugu zangu, mtoto hajarudi kwa mama yake. Ameacha kumtaka mtu yeyote, na mimi ndiye niliyemfundisha. Nikimwambia mama yake, atasema namwonea wivu. Nikimbeba, nafukuzwa, na Baraka anabaki palepale bila hata mimi. Nikinyamaza napata kazi. Wenye uzoefu na watoto naomba mnisaidie, matusi wekeni pembeni. Kesho asubuhi ataletwa, atakaa pale ukutani, na mimi nitakuwa chumba hichohicho. Nifanyeje?