Siku Walipokuja Kunipigia Deki

Kundi letu la kina mama si kubwa. Tuna leso za rangi za bendera, tuna wimbo wa taifa ambao wengine wetu huuimba juu kupita kiasi, na tuna kazi moja. Kila mwezi tunachagua mzee anayeishi peke yake, tunaenda kwake, tunafua, tunapika, tunapiga deki. Kisha anasimulia habari za zamani huku mmoja wetu akimrekodi kwa simu. Tunasema tunahifadhi urithi wa nchi. Na kuna sheria kali: anayetembelewa hagusi kazi. Hata kikombe alichonywea haoshi.

Mimi nilikuwa mtu wa deki. Sitaki kudanganya, uzalendo sio ulionipeleka pale. Ni upweke. Mume wangu nilimzika, watoto wako mbali na wanapiga simu wakiwa na haraka zao. Mimi ni Mkikuyu niliyezeekea Kisumu, nina duka mtaani Obunga, na kuna siku nafungua duka na kulifunga bila kusema lolote isipokuwa bei ya unga. Ile Jumamosi moja ya mwezi ndiyo siku niliyojihisi mtu kati ya watu. Wangeninyang'anya hiyo, ningebaki na nini?

Halafu goti likaanza ukorofi. Tulikuwa kwa mzee mmoja kijijini Kombewa, nikateleza na ndoo ya maji, nikaanguka chini pwaa! Wakapiga mayowe kana kwamba nimekata roho. Tangu hapo nikigusa ndoo, mtu ananipokonya. "Mama, wewe kata sukuma wiki tu." Mwezi uliofuata hata kisu nikanyimwa. "Mama, wewe kaa tu."

Kisha ukaja mwezi ambao sikuambiwa tunaenda wapi. Mweka hazina wetu alikuja dukani Ijumaa kununua sukari na unga, nikamuuliza, "Kesho ni kwa nani?"

Akatazama rafu. "Bado tunaangalia, mama."

"Mnaangalia nini na unanunua vitu tayari?"

"Kuna mama mmoja hivi," akasema, akawa anatafuta mlango.

Nikamwongezea pakiti ya majani chai kutoka kwangu. "Mpe huyo mama, mwambie pole." Akaichukua na kuondoka mbio mbio. Nikajua nimeachwa. Niliumia, tena sana, na hasira ikanikaba hadi nikamfokea mteja aliyetaka kiberiti tu.

Jumamosi nilivaa leso yangu hata hivyo. Kwa ukaidi. Nikakaa mlangoni, na mara nikasikia wimbo wa taifa langoni kwangu. Woi! Wamekuja kunichukua! Niliinuka na goti langu hilo hilo, nikabeba ndoo, nikafungua lango nikicheka peke yangu.

Mwenyekiti akaishika ile ndoo kwa upole na kuiondoa mkononi mwangu. "Leo hapana, dani," akasema. Dani ni bibi kwa Kijaluo. Hakuwahi kuniita hivyo. Nyuma yake alisimama mweka hazina na mfuko wa sukari yangu, unga wangu, na juu kabisa ile pakiti ya majani chai.

Ebo! Kwani mimi ndiye yule mama mmoja hivi? Nilitaka kuwafukuza wote. Lakini walishaingia. Mmoja ana ufagio, mwingine kichwa chake kiko ndani ya kabati langu, mwingine anasugua sufuria ambayo niliisugua asubuhi. Nikiinuka, wananikalisha. Walinikalisha kwenye kiti cha marehemu mume wangu, kiti ambacho hata mimi sikikalii, nami sikuwa na nguvu ya kuwaeleza. Walikuwa na upendo, hilo siwezi kukataa. Ndilo lililonifunga mdomo.

Kazi ilipokwisha wakapanga viti na mabenchi mbele yangu. Mwenye simu akainua simu. "Haya mama, tuambie ulifikaje Kisumu."

Jamani. Miaka yote niliyoishi mji huu, hakuna aliyewahi kuniuliza. Si jirani, si mteja, si hao kina mama wenyewe. Hasira ilitoka yote. Nikaanza mbali, shambani kwa baba, kwenye baridi na pareto. Nikawaeleza harusi. Nikawapandisha lori la viazi, mimi bibi harusi juu ya magunia, tukapita Nakuru, tukapita Kericho ndani ya ukungu. Lori likaharibika pale Awasi, Kisumu bado mbele, giza linaingia, mvua, mimi nalia nataka kurudi kwetu. Mume wangu akanivika koti lake. Mama mmoja akatoka nyumbani kwake na taa, akatujia.

"Hapo pazuri kabisa, mama," akasema mwenye simu. "Simu imejaa."

Wakapiga makofi. Tukala. Nikauliza, kama mtu asiye na haja sana, "Mwezi ujao tunaenda wapi?"

Wakatazamana. Mwenyekiti akanishika bega. "Tutakuwa tukipita kukuona, mama. Wewe pumzika."

Wakaniaga, wakanikataza kuwasindikiza. Sauti zao zikaishia barabarani. Nyumba ilinuka sabuni, na mabenchi yalikuwa bado yamepangwa kunielekea. Mimi nilikuwa bado Awasi, nimelowa, Kisumu sijaiona. Nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Basi yule mama," nikayaambia mabenchi, "akainua taa akanitazama usoni, akasema, ingia ndani, binti yangu. Hapa pia ni kwenu."