Ekseli Kwenye Friza ya Bucha

Sijasomea kukata vyuma. Nilifundishwa na mkubwa wangu pale yadi ya Mlolongo, tukikata malori yaliyokufa, na mbinu zingine nikajifunzia kwa simu. Kwa hivyo mtu akimgusa huyo mkubwa, amenigusa mimi.

Mwaka jana aliomba kazi kwa watu wanaobomoa mitambo ya zamani ya mafuta, mahali bahari yenyewe inaganda. Walimwambia atume video akikata chuma nene iliyolala kwa baridi. Hiyo video ndio ingempeleka ama imwache hapa.

Sasa Mlolongo, na joto lake, utatoa wapi baridi? Tukaenda kwa jirani, mzee Msomali wa bucha, tukamwomba friza tulaze ekseli, ile chuma nene inayobeba magurudumu.

"Ekseli ya lori?" akauliza. "Ikigusa mbuzi yangu, mtakula hiyo ekseli."

Ililala huko siku mbili. Tukaitoa ikiwa nyeupe, inashika vidole. Mkubwa akawasha gesi, akakata hadi ikabaki kidogo tu, halafu akaimwagia ndoo ya maji. Hapa kwetu ndio kawaida: mteja yuko na haraka, chuma ipoe, ipakiwe.

Mzee wa bucha alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. "Imetoka baridi, mmeichoma, sasa mnairudisha baridi? Hata sahani haiwezi kuvumilia hiyo."

Nikamrukia. "Mzee, wewe uza nyama! Huyu amekata vyuma kabla ununue hicho kisu!"

Mkubwa akagonga na nyundo ndio kipande kiachie. Ekseli ikapasuka, lakini si pale alikuwa amekata. Ilipasukia pembeni.

Huko kwa barafu, hiyo ingekuwa mguu wa mtambo, na watu wako juu.

"Tunaweka ingine," mkubwa akasema polepole. "Na uende wewe uombe friza."

Nikaenda. "Mzee, nilikosea." Akanifungulia friza.

Mara ya pili tuliipasha moto kidogo kidogo kwanza, akakata, tukaifunika na mchanga mkavu. Tukakaa mchana mzima tukingoja ipoe yenyewe. Kwangu huko kukaa kulikuwa kugumu kuliko kukata. Alipogonga, iliachia pale pale alipokata.

Mkubwa alipotuma hiyo video akaitwa kazini, mimi ndio nilitumwa kupeleka habari bucha. Mzee akafuta kisu, akanitazama.

"Sasa muuza nyama ni nani?"

"Bado ni wewe," nikamwambia. "Lakini ukichoka, yadi iko na nafasi ya mtu mmoja."