Umande wa Uru na Jicho la Mektrida

Mektrida Lyimo alianza kuogopa baada ya arusi moja ya Uru, mwaka 1993, aliposafisha picha na kukuta uso wa bibi arusi umefifia kama umepigwa kupitia maziwa. Aliwaambia wenye arusi kuwa lenzi iliingia unyevu, akarudia picha za familia bure, na maneno yakaisha.

Lakini lenzi haikuwa na kitu. Jicho lake la kushoto lilikuwa dhaifu tangu alipougua surua utotoni. La kulia ndilo lililofungua studio yake ndogo pale Rau, ndilo lililosomesha watoto wawili baada ya baba yao kufariki. Sasa hilo nalo lilikuwa limeingia ukungu.

Hakumwambia mtu. Studio aliipanga upya kimya kimya. Kiti cha wateja wa picha za paspoti alikipigilia misumari sakafuni, akaweka alama ya chaki mahali pa kusimamisha kamera, na kuanzia hapo hakuhitaji tena kulenga. Watu walitoka na picha safi. Nje ya chumba kile, kila kazi aliyoitiwa ilimnyima usingizi.

Ndipo akaja Mwalimu Eliezeri, mstaafu aliyemfundisha baiolojia zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mektrida. Nimekuletea kazi. Ninaandika kitabu cha maua ya mwituni ya huku kwetu, na majina yake ya Kichagga, maana wazee wanaoyajua wanaisha. Mchapaji anataka picha za karibu kabisa, ua moja lijaze ukurasa, na umande uwe bado juu yake."

"Kwa nini umande?"

"Jua likishapanda ua linalegea. Na kuna vinyweleo kwenye majani ambavyo huvioni mpaka vishike matone."

Aliweka mezani filamu mbili za slaidi. Binti wa mwalimu, Doris, aliyekuwa akifanya biashara ya kuvuka mpaka pale Tarakea, ndiye aliyezipata Nairobi, na huko huko ndiko zitakakosafishwa. Hakukuwa na nyingine, na mchapaji alikuwa anafunga kazi mwisho wa mwezi.

Mektrida alitaka kukataa. Lakini akikataa ataulizwa sababu, na sababu ikitoka mdomoni mwake asubuhi, jioni itakuwa imezunguka Rau nzima. Nani atampeleka mtoto wake kupigwa picha na mtu asiyeona? Akasema atakwenda.

Walilala kwa Monica, shangazi yake Mektrida, Uru ya juu, ambako kihamba chake cha kahawa na migomba kinapakana na msitu. Saa kumi na moja alfajiri Mektrida na mwalimu walikuwa njiani wakifuata mfongo, ule mfereji wa zamani unaoteremsha maji mashambani. Nyasi zililowesha sketi yake mpaka magotini. Alihesabu moyoni: kuanzia mwanga wa kutosha mpaka jua kuvuka ukingo wa miti, labda nusu saa.

"Hili hapa," mwalimu alinong'ona. Lilikuwa ua dogo jekundu lenye mdomo wa manjano na mkia uliojikunja, limejaa matone.

Mektrida alipiga magoti. Lenzi yake ya kawaida alikuwa ameigeuza nyuma mbele na kuifunga kwa pete aliyochongewa na fundi redio. Ikigeuzwa hivyo hukuza vitu vidogo sana, lakini haina cha kuzungusha ili picha itulie. Unasogea mwenyewe na kamera mpaka ufike. Ukizidisha unene wa ukucha, ua limepotea.

Alitazama. Aliona wekundu unaoelea kwenye maziwa. Akasogea mbele, akarudi nyuma, akabonyeza. Akasogea tena, akabonyeza, kama mtu anayerusha mawe gizani.

"Umemwona buibui?" mwalimu aliuliza.

"Nimemwona."

"Yuko upande gani?"

Mektrida akabonyeza tena. Jua lilipofika, filamu ya kwanza ilikuwa imekwisha.

Mchana alikaa jikoni kwa shangazi mbele ya bakuli la mtori wa ndizi na nyama ambalo hakuligusa. Shangazi Monica alimsogezea kijiko.

"Tangu jana unashika ukuta ukitembea," alisema. "Mimi nina miaka sabini na nane na sishiki. Una nini?"

Mektrida alisema ni uchovu. Kisha akaona hawezi kuendelea kulibeba jambo lile mpaka kesho yake. Akatoka uani, akamkuta mwalimu anasoma gazeti, akamwambia yote pale pale akiwa amesimama, haraka, asije akabadili mawazo.

Mwalimu alilikunja gazeti taratibu. "Buibui alikuwepo kweli," alisema. "Hukuangalia upande wake hata mara moja. Sasa ile filamu?"

"Imeharibika. Sina uhakika, lakini najua."

"Ningelenga mimi, ila mikono hii unaiona." Aliinua mkono wa kulia, ulikuwa unatetemeka.

Mektrida alifikiria kile kiti cha studio na alama yake ya chaki. Akaomba spoki ya baiskeli. Wakaiweka kamera mezani juu ya kifuko cha maharage, gazeti likasimamishwa mbele yake, na mwalimu akaegemeza uso kwenye kamera bila kuishika. Mektrida alilisogeza gazeti kidogo kidogo.

"Bado. Bado. Umepita, rudi. Hapo. Naona mpaka nyuzi za karatasi."

Akapima spoki kutoka lenzi hadi kwenye herufi, akaikata, akaifunga ubavuni mwa lenzi kwa waya. Ncha ya spoki ikigusa, picha imetulia.

Alfajiri ya pili ncha ililigusa ua la kwanza, na matone yote yakaanguka. Alibaki amepiga magoti, ua likiwa kavu mbele yake. Kwa ua la pili aligusisha spoki kwenye jani la jirani lililo umbali ule ule, akashusha pumzi, akabonyeza. Upepo ukapita kati ya migomba. Akangoja, huku akihisi mwanga unaongezeka mgongoni. Mwalimu alimwongoza kutoka ua hadi ua kwa sauti ya chini. Waliimaliza filamu jua likiwa limeshagusa mikono yao.

Doris alizipeleka Nairobi. "Picha nitazingoja mimi," mwalimu alimwambia Mektrida. "Wewe nenda ukatazamwe jicho." Alikwenda. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, atolewe. Mektrida aliuliza itakuwaje isipofanikiwa, maana hilo ndilo pekee alilo nalo. Daktari hakumdanganya: wengi wanapona, si wote. Akapangiwa tarehe.

Siku kumi na mbili zilipita kabla slaidi hazijarudi. Mwalimu alizishika moja moja dirishani pa studio. Filamu ya kwanza yote ilikuwa ukungu. Katika ya pili akatenga tisa.

"Hizi ni safi."

"Safi kweli, mwalimu, au unanihurumia?"

"Zimo kitabuni," alisema, akazitia kwenye bahasha.

Wiki iliyofuata Mektrida alipasuliwa. Alikaa na bendeji akisikiliza viatu vya wauguzi, akisali rozari na kupotea katikati kila mara. Ilipofunguliwa, aliona kwanza kifungo cha koti la daktari, halafu uzi uliokishonea. Alipewa miwani minene, akarudi kazini mwezi uliofuata, na wateja waliouliza aliwaambia ukweli. Wachache hawakurudi.

Kitabu kilipotoka, alikipeleka mlangoni kwenye mwanga. Picha sita zilikuwa nzuri kuliko alivyothubutu kutumaini. Tatu asingezipitisha, na mojawapo ya hizo tatu ndiyo waliyoiweka kwenye jalada: matone makali, ua lenyewe limeingia ukungu kidogo pembeni. Alimwambia mwalimu.

"Hakuna atakayeiona kasoro hiyo," mwalimu alijibu.

"Mimi naiona," alisema Mektrida.