Jiko Lililolala Kwetu

Mama yangu amekuja kunitembelea hapa Mlolongo, na jambo la kwanza alilofanya asubuhi, kabla hata ya chai, ni kutoka nje kwenye kibaraza cha ghorofani na kuinua nailoni niliyofunikia jiko langu la kuchomea nyama. Mvua ya Novemba ilikuwa imenyesha wiki nzima. Alichungulia, akaona jivu la sherehe ya mwezi wa nane limekuwa uji na kutu imeshaanza kula miguu. Akalifunika tena taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani. Nami, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikaona haya hadi masikioni.

Ungelikuwa umekulia kwetu ungenielewa bila maelezo. Lakini kwa kuwa hukukulia kwetu, keti nikusimulie, maana tangu asubuhi ile sijafikiria kitu kingine.

Kwetu ni ng'ambo ya Wamunyu, mahali pa mawe, vumbi na mbaazi. Kina mama wa kijiji walikuwa na jiko moja la nyama. Pipa la mafuta lilipasuliwa kwa urefu, fundi wa sokoni akalichomelea miguu ya nondo na kuliwekea wavu wa chuma juu. Halikuwa la mtu mmoja. Kiangazi kizima lilizunguka: leo kwenye harusi, kesho harambee ya kanisa, keshokutwa kwenye ntheo, ile siku ya mbuzi ambayo ikishapita Mkamba humhesabu binti kuwa ameolewa. Kina mama walilibeba miguu juu, wakiimba njia nzima. Kazi ya wanaume ilikuwa kuchoma na kujisifu.

Mvua zikikaribia, jiko lilitafutiwa mahali pa kulala. Halikulala popote tu. Lilitakiwa jikoni kwa mtu, kwenye paa lisilovuja, mahali moto unawashwa kila siku. Mwenye nyumba alilikung'uta jivu lote lingali na joto. Mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mrefu aliyeongea polepole, alikuwa na msemo wake: "Jivu inakunywa maji kushinda ng'ombe." Kisha mwenye nyumba alichukua mafuta ya mbuzi akalipaka ndani na nje juu ya yale mafuta meusi ya miaka yote. Wao waliita kulivisha. Likishavishwa lilifungwa kwa gunia la katani na kuning'inizwa darini, mdomo ukitazama chini, lipate moshi wa kila siku. Vuli ilipita, masika yakapita, na jiko likashuka likiwa jeusi na zima.

Haya yote nayajua leo. Wakati ule hatukuyajua nyumbani kwetu, kwa sababu jambo linalojulikana na kila mtu halisemwi. Wasichana waliyaona kwa mama zao. Mimi mama yangu hakuwa na pa kuyaonea.

Mama alizaliwa Machakos mjini, katika nyumba ya Waislamu wauza vitambaa ambao babu yao alitoka pwani. Alipompenda baba, mkulima Mkatoliki mwenye mashati mawili, alibatizwa na kumfuata huko kwenye mawe. Kijijini walimwita Mswahili. Hawakumtesa, nisiwasingizie. Walikunywa chai yake, wakasifu mahamri yake, wakampa kiti kizuri. Lakini kuni za msiba hakutumwa, wala sufuria za kanisa hazikuwekwa kwake. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama alisubiri jembe hilo miaka zaidi ya kumi.

Mwaka nilioingia darasa la nne, Jumapili moja baada ya misa, mwenyekiti alisimama akasema, "Mvua hii, jiko italala kwa Mswahili." Mama hakupiga makofi. Alikaza leso yake kiunoni, basi. Tulipofika nyumbani alimenya vitunguu vingi ambavyo mapishi ya siku ile hayakuvihitaji, akafuta macho kwa kiwiko, na sisi watoto tukajifanya tunaamini ni vitunguu.

Walilileta kwa nyimbo, wakaliweka uani, wakaenda zao. Mama alilizunguka. Lilikuwa jeusi, lina mafuta yaliyogandamana, linanuka mbuzi wa sherehe za miaka mingi. Kwao mjini, chombo cha watu hakikai na uchafu nyumbani mwako hata usiku mmoja. "Chombo cha watu," alituambia, "kirudi kizuri kuliko kilivyokuja." Akatutuma mimi na dada yangu maji.

Maji ya kwetu, ndugu yangu, yalichimbwa katika mchanga wa mto mkavu, kikombe kwa kikombe. Tulileta madumu mangapi sikumbuki, ila mgongo wangu unakumbuka. Tukalisugua kwa mchanga, gunzi la mahindi na sabuni ya kipande. Mama aliimba maneno ya kanisa kwa mahadhi ya kasida za utotoni mwake, na sijawahi kumwona ana furaha vile. Jioni chuma kilikuwa kimetoka cheupe, unajiona uso. Tukalikausha kwa leso yake kuukuu, tukalifunga gunia, tukalipandisha darini. Mama alilala mapema, amechoka, na bado anatabasamu.

Mvua ilikuja na upepo. Wiki za kwanza zilipita vizuri. Kisha asubuhi moja, dada yangu akikoroga uji, tone jekundu lilidondoka sakafuni karibu na mafiga. Mama alilishusha jiko, akafungua gunia. Lilikuwa na kutu kila mahali, rangi ya udongo wa kwetu. Alipitisha kidole, kidole kikatoka chekundu, akakifuta kwenye aproni mara nyingi.

Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa ng'ambo ya korongo, ungemwita kwa sauti akaitika. Mama hakwenda kuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hakujua. Baba miaka hiyo alifanya kazi huku huku Mlolongo, kwenye machimbo ya mawe, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mama aliamua peke yake. Alisugua kutu ile, akachukua mkebe wa rangi ya mafuta ambayo baba alibakisha alipopaka milango ya kanisa, akalipaka jiko lote, ndani na nje. Buluu. Buluu ya milango ya kanisa. Baba alipokuja alilitazama kwa muda, akakuna kichwa, akasema limependeza. Baba alikuwa mtu mwema, lakini wema wake haukujua kitu kuhusu majiko.

Sherehe ya kwanza baada ya mvua ilikuwa ntheo ya binti wa mwenyekiti mwenyewe, wakwe wakitoka Ekalakala. Kina mama walipolikuta jiko la buluu uani kwetu walisimama. Mmoja alicheka, akaacha. Walilibeba, lakini njiani hawakuimba, nami nilitembea nyuma yao nikitazama visigino vyao.

Mkaa ulipokolea, rangi ilianza kufanya malengelenge. Moshi ulitoka wenye harufu ya duka la vyuma, ukaingia kwenye nyama, nyama ya mbuzi wa heshima. Wachomaji waliigeuza, wakanusa, wakatazamana. Mzee wa wakwe aliweka kipande mdomoni, akakitafuna kidogo, akakitoa kwa adabu na kukilaza pembeni mwa sahani. "Sisi tutakunywa supu tu," akasema. Wageni wote wakanywa supu. Sahani za nyama zilirudi jikoni zimejaa, na kila sahani iliyopita mbele yetu mama aliitazama.

Mwenyekiti alimwita nyuma ya nyumba. Nilikuwa hapo nasuuza vikombe, kina mama wengine wamesimama.

"Mwaitu," alimwambia, neno la heshima kwa mama, na hakupandisha sauti. "Hii jiko uliosha?"

"Niliosha, liwe safi."

"Ilikuwa na uchafu?"

Mama alitazama viganja vyake.

"Ile ni mafuta yetu. Sisi tunaivisha nayo, mwaka baada ya mwaka. Nauliza tu. Kwani kwenu mafuta ya watu kama sisi ni najisi?"

Wewe fikiria. Mtu aliyesugua chuma kutwa nzima kwa maji ya kuchota kwa kikombe, ili awaheshimu, anaulizwa kama aliwaona wachafu. Mama alifungua mdomo, na kwa uchungu likamtoka neno la nyumbani kwao, la kabla ya ubatizo. "Wallahi, si hivyo," alisema. "Wallahi."

Kina mama waliangaliana. Mwenyekiti alimgusa bega, akamwambia haidhuru, wakaenda kuhudumia wageni. Nilitamani ardhi inimeze na vikombe vyangu. Nilimwonea mama aibu, nikajionea aibu kwa kumwonea aibu, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa nzito.

Shuleni tukawa watoto wa jiko la buluu, lakini hilo lilipita. Lisilopita ni kwamba mama hakukabidhiwa tena kitu chochote. Waliendelea kunywa chai yake na kumpa kiti kizuri. Jiko lilichomwa kwa moto mkali mpaka rangi ikatoka, likavishwa upya, likalala kwa wengine. Na kila mvua ilipokaribia, mama alikusanya mafuta ya mbuzi katika mkebe, akanituma niyapeleke kwenye nyumba ambamo jiko lilikuwa limelala. Nilipita njia ya korongoni nisionwe. Mwenye nyumba alitoka, akapokea mkebe kwa mikono miwili, akashukuru, akaniuliza habari za masomo. Mafuta waliyapokea miaka yote. Jiko hawakulileta.

Siku hizi hakuna wa kuliomba. Kikundi kilikufa na mwenyekiti wake, na jiko wajukuu waliliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Juzi kwenye ntheo ya binamu yangu lori lilitoka Machakos na hema, viti vya plastiki na majiko yanayong'aa. Vijana walichoma, wakapakia jivu na vyote, wakaondoka. Hakuna aliyejua mvua itayakuta wapi, wala haikuwa kazi yake kujua. Hiyo ndiyo raha ya kukodi, unalipa na hudaiwi moyo. Na huku ghorofani ni hivyo hivyo. Jiko langu likioza kibarazani ni langu peke yangu, hakuna atakayeniita nyuma ya nyumba kuniuliza.

Jumamosi hii mama alikaanga mahamri. Yalikuwa mengi, kama kawaida yake. Alijaza sahani, akaifunika kitambaa, akaniambia, "Peleka kwa jirani hapo." Nikauliza yupi. "Kwani ni nani anakaa hapo?" Nimekaa nyumba hii miaka minne na sikuwa na jina la kumpa. Nikatoka upesi asione uso wangu.

Nilibisha. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, mama mmoja akanitazama mimi na sahani.

"Mimi sijaagiza kitu," alisema.

"Hapana, ni mama yangu ametuma, sisi ni wa hapo..."

"Jaribu huko juu, labda ni wao." Akafunga.

Nilisimama pale kidogo, harufu ya iliki ikipanda ngazi, kisha nikarudi na sahani imejaa. Mama alikuwa anafuta meza. Hakuhitaji kuuliza, alikuwa amesikia yote.

"Wale walininyima jiko," alisema. "Lakini mlango walikuwa wanafungua."

Niliweka sahani mezani, nikaanza kukipanga kile kitambaa juu ya mahamri, ncha moja baada ya nyingine, ili nisimtazame.