Verna na Maski wa Mwisho wa Msimu

Verna Halvorsen, mpishi mstaafu wa shule ya kijijini kwetu Wisconsin, alikuwa hajawahi kumpata maski, yule samaki mrefu mwenye meno kama sindano. Bega lake lilishachoka, na barafu ilianza kuganda ukingoni mwa ziwa. Mwaka ule ukimpita, basi tena.

Maski hufuata chambo mpaka ubavuni mwa mashua, na ukikitoa majini umemfukuza. Siku zote Verna alikitoa.

Siku hiyo mimi, jirani yao, nilishika makasia. Kivuli kikatokea nyuma ya chambo.

“Usiinue, mama! Koroga!” mumewe, Arvid, akanong'ona.

“Nakoroga! Uji nani hukupikia?”

Verna akazamisha ncha ya fimbo ya kuvulia, akaizungusha huku, akairudisha kule. Samaki akageuka nayo. Mara maji yakapasuka, fimbo ikapinda.

Tulipomtoa ndoana, Arvid akataka picha.

“Atakufa bure,” Verna akasema, amemshikilia mkia majini, mikono imekufa ganzi. Samaki alilala ubavu. Ghafla akapiga mkia, akamlowesha Verna uso, akazama.

“Sasa nani atakuamini?” Arvid akauliza.

“Shahidi wangu wewe, mzee wa kutia chumvi. Ndiyo shida yenyewe,” Verna akacheka, huku machozi yakimtoka.