Ng'ombe wa Kwenye Simu

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, hana jambo analolifanya kimyakimya. Akinunua viatu, mtaa wetu wote wa Kikuyu, hapa Dodoma, utajua. Kwa hiyo alipopata programu ya simu ya kusimamia fedha, tulikoma.

Alinikuta napepeta mchele, akaketi bila kukaribishwa, akaanza somo. Programu hiyo, alisema, ameiunganisha na akaunti yake ya benki, na pesa zake za simu, na mfuko wa uwekezaji ambako hununua vipande. "Shemeji, hapa naona maisha yangu yote," akanionyesha duara la rangirangi. Niliyatazama hayo maisha yake yote. Sehemu kubwa ilikuwa nyama choma.

Hakuishia hapo. Kwa kuwa alikuwa msimamizi wa mirathi ya kaka yake, alitaka kuingiza na mali za ukoo. Mali yenyewe ilikuwa ng'ombe mmoja aliyekuwa kijijini Haneti, kwenye zizi la mama mkwe wangu. Siku binti yetu alipozaliwa, mume wangu alimtengea ndama, akasema uzao wake ni wa mtoto huyu, na akiolewa ampeleke mumewe akauone. Katika uzao ule alibaki jike mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe usoni.

Programu haikuwa na mahali pa ng'ombe. Ilikuwa na mahali pa hisa, pa hati fungani, hata pa dhahabu. Mtu anakuja kusimamia fedha za watu wa Dodoma, halafu ng'ombe hamjui! Shemeji akamwingiza chini ya "Vinginevyo", akambandikia picha aliyompiga Krismasi na bei aliyoikisia mwenyewe.

Binti akaposwa, kamati ya harusi ikaundwa. Wajumbe, wakiwa wamelewa maneno ya shemeji, wakamfanya mweka hazina. Michango ikaanza kuingia kwenye akaunti yake binafsi, kama tunavyofanya siku zote, maana nani hufungua akaunti kwa ajili ya harusi moja? Ndugu walichanga, majirani walichanga, kwaya ilichanga. Na kila mchango ulipoingia, programu ilimpongeza: mapato yako yameongezeka. Ilijua kuhesabu, harusi haikuijua. Tatizo ni kwamba shemeji alikuwa ameiamuru tangu zamani kwamba ziada yoyote ihamie yenyewe kwenye mfuko wa uwekezaji. Ikatii.

Tulijua wiki ya harusi, mpishi alipokuja kuchukua hela ya kununulia vyakula. Shemeji akafungua simu mbele ya kamati kwa mbwembwe zake. Akaifunga. Akaifungua tena.

"Hela zipo," akasema. "Ila zimewekezwa."

Kuzitoa kulihitaji siku kadhaa za kazi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima wa kanisani, akamuuliza kwa upole, "Kwa hiyo, baba, wageni tuwapakulie hiyo simu?" Shemeji akaanza kutueleza habari za faida. Nilitamani kumfinya ile midomo.

Nani wa kumrudia? Watu walishachanga. Wakwe zetu walikuwa wanatoka Mlali na basi zima la wageni, na mimi mjane nilikuwa naenda kuaibika mbele yao siku ya mwanangu wa pekee. Nikapiga simu Haneti. Mama mkwe akasema, "Basi apelekwe mnadani, mwanangu. Mtoto asiaibike." Ng'ombe akauzwa. Hela ikaja kwenye simu yangu, nami nikamkabidhi mpishi mwenyewe, bila kumpitishia mtaalamu yeyote. Binti hatukumwambia, asije akaingia kanisani analia.

Harusi ilifana. Pilau lilisifiwa meza hadi meza, na shemeji alicheza kumshinda bwana harusi. Mimi niliiacha sahani yangu. Nilikwenda chooni nikalia, nikapaka poda upya, nikarudi kupiga vigelegele.

Wiki iliyofuata hela zilirudi na faida yake. Shemeji alikuja mbio kunionyesha hiyo faida, na haikutosha hata kununua chupa ya mafuta ya kula. Akasema, "Si unaona? Sasa nunua ng'ombe mwingine," kana kwamba ng'ombe wa kaka yake wanauzwa dukani. Nilikuwa na jibu, ila ukumbi na muziki walikuwa bado wanatudai, na niliogopa hela zitatoroka tena.

Jumapili binti akaja na mumewe. Wakamwamkia baba yao mdogo, ambaye alikuwa amejimwaga kwenye kochi langu kama kawaida, wakaketi kunywa chai.

"Mama," binti akasema, "tunataka twende Haneti. Nataka nimwonyeshe mwenzangu ng'ombe wa baba."

Nikaweka kikombe chini. Kabla sijafungua mdomo, shemeji alikuwa ameshatoa simu.

"Safari ya nini na vumbi lote hili? Huyu hapa," akasema, akiwanyooshea ile picha ya Krismasi. "Sijamfuta."

Mkwe wangu akainama kuangalia, kwa adabu. Binti hakuiangalia simu. Aliniangalia mimi.

"Mama," akauliza, "amfute kwa nini?"