Mshale Uliokwenda Kushoto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, hunirudia na ukungu wake, ule ukungu mwepesi wa kwetu Chemba uwele unapokomaa. Najiona nimesimama pembeni ya shamba la mama, upinde mkononi, nina miaka kumi na minane na najiona mwanaume kamili. Siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani, lakini ukungu ule nauona.

Upinde alinichongea mjomba, kaka yake mama, aliyetulea baada ya baba kufariki. Mishale ya mazoezi, ile ya mti mtupu, nilikuwa naipiga kwenye boga mpaka linakuwa chujio. Basi akanipa mishale ya kweli, yenye vigumba vya chuma, vipana, vya kukata. Nikapiga kwa hatua arobaini, mshale ukaenda kushoto. Nikapiga tena, kushoto tena.

Ningemwambia, angenionyesha. Alikuwa na utaratibu wake: anausimamisha mshale juu ya ukucha wa kidole gumba, anauzungusha polepole, na kigumba kikiyumba anaurudisha kwenye makaa, anaupasha mpaka unyooke. Kisha anahamia kwenye upote, kamba ya upinde, anasogeza pale mshale unapokaa, juu kidogo, chini kidogo, mpaka wa chuma na wa mti iende mahali pamoja. Ni kazi ya siku nzima, pengine mbili. Mimi subira sikuwa nayo, aibu ndiyo nilikuwa nayo tele. Nikagundua kwamba nikilenga kulia kwa upana wa kiganja, boga nalipata katikati. Nikafurahi peke yangu kama mjinga.

Mjomba akaja, akalikuta boga limetobolewa.

"Mpwa wangu, chuma kinakwenda?"

"Kinakwenda, mjomba."

Akacheka kwa raha, akanipiga begani. Nilisikia joto zuri kifuani, nikausahau uongo wangu siku ileile.

Msimu ule nguruwe pori walikuwa wanatumalizia uwele, chakula chetu cha mwaka. Asubuhi ninayokuambia, mjomba alizunguka upande wa pili ili awafukuze waje kwangu. Aliingia kwenye mabua mikono mitupu, kwa kuniamini mimi. Bado namsikia akipita mle ndani, majani yakimgusa, kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wangu.

Dume likatoka hatua kumi tu mbele yangu, ubavu wote wazi, kichwa kikielekea kushoto. Nikalenga upande wa kulia wa moyo, kama nilivyozoea. Lakini kwa karibu vile mshale haupati nafasi ya kupinda. Ulikwenda moja kwa moja pale nilipolenga, ukaingia tumboni. Dume likalia, likageuka, likarudi kwenye mabua, likamkuta mjomba.

Lilimchana paja. Nilimpakia kwenye baiskeli, mimi nasukuma, yeye ameniegemea, shati langu limelowa damu yake, na njia nzima hadi zahanati hakulalamika hata mara moja. Siku ya tatu ndipo nilipopata ujasiri wa kuingia alimolazwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ulikuwa unalenga wapi?"

"Kulia kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipa vya chuma."

Alijifunika macho kwa mkono. "Nami nilikuwa naliangalia lile boga," akasema, "nikijiambia sasa nimepata mtu wa kukaa nyuma yangu."

Mwanangu, sijawahi kuchapwa vile. Alipona, ila mguu haukunyooka tena, na mtu aliyekuwa akitembea kutwa kufuata nyuki apate asali akawa wa kukaa uani kwenye kigoda. Hapohapo kwenye kigoda alinifundisha upya, makaa, ukucha na upote, bila kunikumbusha kosa langu. Afadhali angenikumbusha.

Nimekusimulia haya kwa sababu ya jana. Umepata kazi kwenye kambi ya wawindaji, nimefurahi, na huo upinde wao wa vigurudumu nimeucheka kidogo, maana unafanana na baiskeli iliyopata ajali. Lakini ukaniambia vigumba vya mazoezi vinapiga katikati, vile vya kukata vinakwenda kushoto, na kwamba utasogeza tu kile kidude cha kulengea, yaishe. Hayaishi, mwanangu. Usiwasogezee wenzio mahali pa kulenga ili kosa lisionekane. Ufungue upinde, uangalie mshale unakaaje, unyooshe kinachopinda hata kama ni kazi ya wiki. Usipoweza, sema huwezi. Aibu ya kusema nilidhani itaniua, kumbe ingekwisha siku ileile kabla ya chakula cha jioni. Hii nyingine ninayo mpaka leo.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usioogopa. Na yule atakayetangulia mbele yako porini, akikuuliza kama chuma kinakwenda, umjibu kweli kabla hajaingia kwenye majani.